Machela Iliyokwenda Bomani

Nianze na mema yake, maana baya lake ni moja tu, na nikianza na hilo sitarudi tena kwenye mema.

Mwinjilisti wetu alikuwa mtu wa miguu. Misheni walimpa baiskeli, akaipanda miezi miwili hivi, halafu akaiegemeza kwenye ukuta wa tembe yake mpaka kuku wakafanya makao chini yake. Alisema baiskeli inampitisha watu. "Ukiwa juu ya baiskeli unasalimia, ukiwa chini unazungumza." Basi alitembea. Kijiji chetu, huku upande wa Mkalama, kilikuwa tembe zilizotawanyika kati ya mashamba ya mtama na uwele, hii hapa na nyingine kule nyuma ya mawe, na yeye alizijua zote. Alijua nani anakohoa, nani mjamzito, nani hajaonekana kanisani Jumapili tatu. Ulimsikia kabla hujamwona, kwa sababu alitembea akiimba wimbo mmoja uleule, puani, na Mungu anisamehe, sauti ya kuimba hakupewa hata chembe.

Ya kusema alipewa. Tena aliipenda kwa wengine pia. Hakuvumilia mtu anayenong'ona. Mtoto akijibu swali la katekisimo kwa kunong'ona, bibi harusi akila kiapo huku ameinamisha kichwa, mzee akitoa udhuru wa kutofika kwenye kazi ya kanisa, neno lake lilikuwa moja: "Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

Na hasa kwenye toba. Kwake yeye, dhambi iliyofanyika hadharani ilitubiwa hadharani. Hakukuwa na kumnong'oneza kando baada ya ibada. Mimi mwenyewe nilisimamishwa, kwa kunywa pombe kwenye msiba wa mjomba wangu.

"Ndugu, ulikunywa?"

"Nilikunywa kidogo."

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

"Nilikunywa!"

"Kidogo?"

Nikatazama chini. "Nililewa, Mwinjilisti."

Kanisa zima likacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wangu, Raheli, kule kwenye mabenchi ya wanawake, mpaka akajifunika kanga mdomoni. Mwinjilisti akanipa mkono, akasema, "Ukishasema, imekwisha." Na kweli ilikwisha. Hakuitaja tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine, na aliyejaribu kunitania mbele yake alimkemea. Hiyo ndiyo haki yake niliyoijua, na ndiyo iliyonifanya nimwamini. Kwa Raheli haikuisha upesi hivyo. Wiki nzima nikimwambia nimeshiba ananiuliza, "Kidogo?" Nikimwambia mlenda leo umezidi chumvi ananiambia niseme kwa sauti, majirani hawajasikia.

Jina hilo la Raheli alimpa Mwinjilisti, siku alipombatiza. Nalitaja mapema kwa sababu litarudi.

Sasa, machela. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali nasi, mwendo wa alfajiri mpaka mchana hata kwa wanaume wenye nguvu. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa. Machela yetu ilikuwa miti miwili na ngozi ya ng'ombe iliyofumwa kamba, nayo ilitundikwa ndani ya kanisa, ukuta wa nyuma. Wabebaji tulikuwa wanane, wanne wanabeba, wanne wanapokezana nao. Kazi ile ilikuwa na taratibu zake. Wa mbele ndiye anayeona njia, basi yeye huita: "Shimo!" Wa nyuma, ambao macho yao yamezibwa na mgonjwa, hujibu: "Limeonekana!" "Jiwe!" "Limeonekana!" "Mwiba!" "Umeonekana!" Hivyo mpaka hospitali. Hatukumtua mgonjwa ovyo njiani, na hatukuulizana kama ni mzito. Mimi nilibeba mbele kulia. Nyuma yangu alikuwa Shabani, jirani yangu, Mwislamu, mtu wa mdomo mkali na mabega mapana. Ndiyo, machela ilitundikwa kanisani lakini ilibeba kila mtu, na hilo nalo lilikuwa agizo la Mwinjilisti.

Mama yake Shabani alipovimba mguu, Mwinjilisti aliingia kwenye mti mwenyewe, akabeba mpaka bega likachubuka. Kule hospitalini msaidizi mmoja akamwacha yule mama chini ya ukuta mpaka jioni, eti kwanza watu wa ushirika. Mwinjilisti hakupandisha sauti. Alikwenda akaketi chini ukutani, karibu na yule mama, na joho lake jeupe la Jumapili, akasema na yeye leo si mtu wa ushirika. Wakamtibu mama upesi sana. Shabani alikuwa akiisimulia habari hiyo sokoni kila mara, na akimaliza anasema, "Yule mzee ni Mkristo kwa bahati mbaya tu."

Wakati huohuo, mzee huyohuyo aliyetuhimiza hospitali, mwenyewe hakuikanyaga kama mgonjwa. Jino likimuuma anatafuna mizizi. Mkewe alitueleza kwamba chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la vitabu, kulikuwa na kibuyu cha dawa ya bibi yake. Tulicheka. Nani hana kibuyu chake chini ya kitanda?

Basi ukaja wito. Ilikuwa baada ya ile vita ya Hitla, vijana waliokwenda kupigana wamerudi, na kule bomani Singida picha ya Mfalme wa Mwingereza bado iko ukutani. Wakuu wa Kanisa waliandika barua isomwe katika kila ushirika. Ilisema Wakristo waunge mkono mabadiliko ya mambo ya tiba: kwamba kumtibu mgonjwa kusiwe huruma ya misheni peke yake, kwamba serikali inayotoza kodi ya kichwa ijenge zahanati karibu na watu, kwamba mgonjwa asiulizwe dini yake mlangoni, na kwamba mwanamke asibebwe kutwa nzima ili akazae. Kila ushirika utie alama za vidole na upeleke wajumbe wake bomani.

Mwinjilisti aliisoma Jumapili nne mfululizo. Sijawahi kumwona mtu akiisoma barua hivyo. Alisema, "Ugonjwa hauna dhehebu." Alisema, "Tusimwachie Mungu kazi ya miguu yetu." Akachanganya masizi na maji ya utomvu, akapita nyumba kwa nyumba na kile kikopo, na watu wakatia vidole, Wakristo, Waislamu na wale wa dini za jadi.

Shabani akauliza, "Mwinjilisti, nikitia dole gumba hapa, sijabatizwa?"

"Hujabatizwa. Umechafuka tu."

Karatasi ikajaa. Hapo ndipo alipopata wazo lake. Alisema Mzungu haamini karatasi. Karatasi anazo nyingi. "Tumpelekee machela yenyewe. Na wabebaji wake wote wanane. Tuibebe mbele ya macho yake, aone watu wake wanavyofika kwa daktari."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Mimba ya Raheli ilikuwa imeshuka. Mama yangu aliniambia, mwezi huu hauishi. Nikamwendea Mwinjilisti, nikamweleza.

"Tunaondoka Jumatatu," alisema. "Ijumaa tumerudi. Tunakwenda kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya hao akina Raheli? Na wewe ndiwe wa mbele. Ukibaki, nani ataita njia?"

Nisijifanye mwana-kondoo. Nilitaka kwenda. Nilikuwa kijana, nina bega zuri, nikaiona sifa. Raheli naye akasema, "Nenda. Kwani mimi ndiye wa kwanza kuzaa?"

Aliyekataa alikuwa mama yangu. Siku tuliyotoka alisimama mbele ya mlango wa kanisa. Wazee wa kwetu walikuwa na mwiko: machela tupu haitoki kijijini. Ikitoka bila mgonjwa, itarudi kutafuta wa kumlaza. Mama akausema mwiko huo mbele ya watu wote.

Mwinjilisti akatabasamu. "Mama, hii ni miti miwili na ngozi ya ng'ombe. Haitafuti mtu."

"Kama ni miti na ngozi tu," mama akasema, "si muiache?"

Watu wakacheka. Hata mimi, mwanawe, nilicheka. Mwinjilisti akaanza kuimba puani, tukatoka.

Tulilala Ilongero, kesho yake jioni tukaingia Singida, upepo unatupiga mchanga usoni. Karani wa boma akatuambia Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ana kazi. Tukakaa nje, chini ya ukuta, na machela yetu. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Tulikula ugali wa baridi tuliofunga kwenye nguo. Nikamwambia Mwinjilisti, mimi narudi. Akanishika mkono, "Kesho. Karani ameniapia, kesho asubuhi."

Ijumaa asubuhi Bwana Shauri akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Aliichukua ile karatasi ya vidole, akaigeuzageuza, akaiinamia machela, akagusa ngozi. Akauliza mgonjwa hulala vipi. Tukatazamana, maana mgonjwa hatukwenda naye. Mwinjilisti akavua viatu, akalala mwenyewe, mikono kifuani, macho amefumba. Tukamwinua. Tukauzunguka naye mlingoti wa bendera mara mbili, na mimi mbele naita "Shimo!" kwenye uwanja uliofagiwa mpaka unang'aa, usio na shimo wala kijiwe. "Limeonekana!" wakajibu wenzangu. Makarani walitoka kutazama, wakashika mbavu. Bwana Shauri akaleta kamera yake, akatupiga picha.

Asubuhi ileile Raheli alikuwa anakufa.

Uchungu ulimshika Alhamisi mchana. Mtoto alikaa vibaya. Mama na wanawake wengine walifanya wanayoyajua usiku kucha. Alfajiri ya Ijumaa wakaamua hospitali. Machela hakuna. Wanaume wenye mabega hawapo, wote wanane tuko Singida tunambeba mtu mzima asiyeumwa. Wakamlaza Raheli juu ya ngozi ya kulalia, wakaishika pembe, wanawake na wazee wawili. Ngozi haibebeki kama machela. Inazama katikati, inateleza mikononi, kila hatua chache unatua. Walifika kwenye lile jiwe kubwa lililolala kando ya njia, mahali wabebaji tulipopokezania. Kwa machela na wanaume wanane tulikuwa tukifika pale kabla jua halijapanda, na hospitali tunaingia mchana. Wao walifika pale mchana. Hapo ndipo walipomtua kwa mara ya mwisho, yeye na mtoto tumboni.

Sisi tulirudi Jumapili tunaimba. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye njia panda ya kuingia kijijini, kichwa kitupu, amenyolewa.

"Mmerudi nayo," akasema, akiitazama machela.

"Tumerudi nayo, mama."

"Iwekeni chini. Haina kazi tena."

Walikuwa wameshamzika.

Nitasema hili pia, kwa sababu ni kweli. Mwinjilisti alilia kuliko mimi. Alilala nyumbani kwangu siku tatu, chini, kwenye sakafu, hali chakula. Siku ya tatu nikamwambia, "Mwinjilisti, machela tulikuwa nayo sisi." Akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Nikafikiri ni huzuni. Nikafikiri siku ikifika atasimama, kama alivyotusimamisha sisi, atasema kwa sauti.

Jumapili iliyofuata alisimama kweli. Akafungua Mwanzo, akasoma habari za Raheli mke wa Yakobo, aliyefia njiani karibu na Efrata, katika kuzaa. Akafunga kitabu. "Na sisi tunaye Raheli wetu," akasema. "Nani aliyemwua? Njia ndefu ndiyo iliyomwua." Wanawake wakalia kwa sauti. Mimi niliketi nasubiri neno la pili. Halikuja.

Nje ya kanisa wazee walikuwa na neno lao: mwiko. Machela ilitoka tupu, ikarudi ikatafuta wa kumlaza. Mwinjilisti akasikia, akawaka. Miezi mingapi alihubiri dhidi ya mwiko ule, kwamba ni upagani, kwamba mti hauui mtu. Wao wanasema mwiko, yeye anasema njia ndefu, kijiji kikagawanyika kati ya hayo mawili, na lile neno dogo lililo wazi kama jua hakuna aliyelishika: kwamba machela haikuwepo, na wabebaji hawakuwepo, kwa sababu tuliipeleka kwenye maonyesho. Hata mama yangu hakusema mwiko tena. Alisema, "Niliwaambia muiache tu."

Raheli wangu akaingia kwenye barua. Mwinjilisti aliwaandikia wakuu wa Kanisa, nao wakaiandikia serikali, na Mzungu mmoja wa Kanisa akaja kwa gari kuliona lile jiwe, akavua kofia, akatoa leso. Kila mwaka siku ya kuukumbuka wito ule ilipofika, nilimsikia mke wangu akifa njiani kuelekea Efrata. Jina langu hakulitaja. Nilikuwa "ndugu yetu mmoja".

Nilimwendea, si kwa hasira. Nilimwambia, "Sitaki kitu kingine. Simama kanisani useme machela ilikuwa bomani. Neno moja tu. Ukishasema, imekwisha."

Alinivuta kando. Akasema, "Nikisema hivyo, Bwana Shauri atasema nini? Atasema kumbe njia si ndefu, kumbe mlifanya uzembe wenyewe. Wito utakufa. Subiri zahanati ijengwe."

Nikaona ina maana. Nikasubiri.

Zahanati ikajengwa. Bati jipya, kuta nyeupe, dresa mwenye koti na masanduku ya dawa, na mlangoni hakuna anayeulizwa dini. Na unajua waliijenga wapi? Hatua chache kupita lile jiwe. Mwinjilisti ndiye aliyewaonyesha mahali. Siku ya kuifungua mimi nilikwenda kurina asali, kule porini, nyuki wakaniuma, nikaona afadhali.

Nikamwendea tena. "Sasa imejengwa."

"Sasa akina mama wameanza kuiamini," akasema. "Wakisikia leo kwamba kulikuwa na kosa letu ndani yake, watasema imejengwa juu ya damu. Hawataingia. Watazaa nyumbani, watakufa. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Nani atataka hivyo? Lakini nilipotoka kwake nilihama benchi langu. Tangu Jumapili ile nikawa naketi nyuma kabisa, mlangoni, pale ambapo watu hawasikii vizuri.

Kitu kimoja alifanya, nikiseme. Masika yaliyofuata kifo cha Raheli alikata miti miwili, akaloweka ngozi, akafuma machela ya pili kwa mikono yake, mwenyewe, hakutaka msaada, mpaka vidole vikatoka damu. Akaitundika kanisani, upande wa pili. Watu walipomwuliza akasema, "Moja ikisafiri, nyingine ibaki." Wakamsifu kwa kuona mbali. Mimi nilielewa. Ilikuwa kama mtu anayekurudishia ng'ombe wako gizani, anamfunga mlangoni pako na kuondoka bila kubisha hodi. Ningeweza kuridhika. Wengine walinishauri niridhike. Ila sikuwa nimemwomba machela. Nilimwomba neno.

Miaka ikapita, tisa, kumi. Maneno ya uhuru yakaanza kusikika sokoni, kwa kunong'ona kwanza, halafu si kwa kunong'ona. Mwinjilisti akazeeka, miguu ikapungua mwendo, na ule wimbo wa puani ukakatikakatika.

Kichomi kilimshika kipindi cha baridi, upepo wa Juni ukivuma. Akatumia kibuyu chake siku mbili. Siku ya tatu mkewe akaja kwangu mwenyewe, akapiga magoti mlangoni, mwanamke wa umri ule. Nikamwinua, nikamwambia, "Mama, usinifanyie hivyo. Nakuja." Nikamwita Shabani na wenzetu wawili. Njia yenyewe sasa ilikuwa fupi, wanne tulitosha.

Kanisani ukuta mmoja ulikuwa mtupu. Ile machela aliyoifuma ilikuwa zahanati na mgonjwa mwingine tangu jana. Ile ya zamani, ile ya bomani, ilikuwepo. Moja ikisafiri, nyingine ibaki. Tukaishusha, tukamlaza. Alikuwa anachemka mwili mzima, na mwepesi, mwepesi kabisa. Nikaingia mahali pangu, mbele kulia.

"Jiwe!"

"Limeonekana."

"Shimo!"

"Limeonekana."

Tulipolikaribia lile jiwe kubwa akasema, "Nitueni." Tukaendelea. Mgonjwa hatuliwi ovyo. Akasema tena, "Ndugu, nitue." Shabani akasema nyuma yangu, "Mtue. Huenda anataka kusali." Tukamtua.

Akaushika mguu wangu. Midomo imekauka, kila pumzi inamchoma. Akasema kitu, chinichini. Mimi nilikisikia. Nilikuwa nimekisubiri miaka yote ile, ningekisikia hata angekisema moyoni. Lakini nikasema:

"Sema kwa sauti, Mwinjilisti. Wa nyuma hawajasikia."

Shabani akanitazama kana kwamba nimemkanyaga maiti. Sikujali. Mzee akajiinua kwa kiwiko.

"Machela ilikuwa bomani," akasema. "Niliipeleka mimi. Mama yako alisema tuiache, nikamcheka. Ingekuwepo, Raheli angefika."

Akarudi chini akikohoa. Nikapiga magoti hapohapo njiani, nikalia, mtu mzima mimi. Nikasema moyoni, imekwisha. Nikampangusa uso na shati langu. Tukamwinua tukakimbia, na nilimwita Mungu njia nzima asimchukue, mimi, niliyekuwa nimemchukia miaka yote ile. Dresa akampiga sindano kabla hatujavuta pumzi. Akampiga nyingine jioni. Siku ya nne akaomba uji. Zahanati ile, nimeshasema, ilikuwa nzuri.

Akapona. Jumapili ya tatu akasimama kanisani na fimbo kutoa shukrani. Mimi nilioga, nikavaa shati jeupe, nikaenda nikaketi benchi la mbele. Watu walishangaa. Wale wabebaji wawili wa ushirika walikuwa nyuma yangu, nao wanajua nimekaa pale kwa ajili ya nini.

Akamshukuru Mungu. Akamshukuru dresa. Akasifu wito, akatukumbusha ile karatasi ya vidole na kikopo cha masizi. Akanitazama, macho kwa macho. Halafu akageukia upande wa wanawake. "Na tumkumbuke Raheli wetu," akasema. "Njia ndefu ndiyo iliyomwua. Leo njia imekuwa fupi."

Amina, wakasema watu.

Nilimngoja nje, mlangoni, watu wakitoka na kuamkiana.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, ndugu yangu."

"Kule jiweni uliniambia neno."

Akaitazama fimbo yake. "Kule nilikuwa na homa. Mtu mwenye homa husema mengi."

"Mimi sikuwa na homa. Mimi nilikuwa nimebeba."

Akasogea karibu, akanishika mkono, mkono ule wenye makovu ya kufuma ngozi. "Polepole, ndugu," akasema. "Watu watasikia."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nikautoa mkono wangu. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, akina mama na watoto wao mgongoni, watoto waliozaliwa pale zahanati, wengi. Nikarudi nikasimama kwenye kizingiti, mahali aliposimama mama yangu siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja yeye. Miaka kumi nilikuwa nimejiandaa kumtaja yeye. Nikafungua mdomo.

"Siku Raheli alipokufa," nikasema, "machela ilikuwa bomani. Na mimi mumewe ndiye niliyeibeba mbele."

Nilisema kwa sauti, wa nyuma wote walisikia. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule aliyecheka kuliko wote mara ya kwanza, siku ile ya pombe, hakuwepo.